Lifuhopa gani huyu? Mwongozo kamili wa kumtambua kwa sura na kwa mahali ulipomkuta, kuanzia Kisumu na Western hadi Nakuru

Jirani yangu mwenye shamba Kano, hapa Kisumu, alinitumia picha WhatsApp mwezi wa nne, chini ameandika tu "huyu ndiye anamaliza mahindi yangu?" Picha yenyewe ni kitu cha njano kimekaa kwa jani, urefu kama nusu punje ya mchele, blari tupu, halafu kidole gumba kimefunika robo ya skrini. Zamani ningemjibu papo hapo na jina la Kilatini manake nilikuwa najiona mjuaji. Siku hizi namrudishia mtu maswali matatu: ulimkuta kwa mmea gani, kulikuwa na watoto wake wasio na mabawa hapo hapo, na ukimwangalia kutoka mbele uso wake unakaaje. Hayo matatu yanakupeleka mbali kuliko rangi, na mwongozo huu wote ni kuyafafanua.

Jina kwanza. Wakulima wa pamba Tanzania wanasema chawajani, mabwana shamba wengi wanasema jasidi, kule kijijini ni tududu twa kuruka na kila mtu anaelewa. Mimi nitaandika lifuhopa, kutoka Kiingereza leafhopper, yule mdudu mdogo wa kuruka anayefyonza maji ya mimea. Familia yao ni Cicadellidae na spishi zilizopewa majina duniani zimepita 20,000, kwa hivyo usijipe presha ya kumjua kila mmoja. Wale wa kawaida wa mashambani mtu mwenye lensi na subira anaweza kuwafikisha kwa jenasi, yaani kundi la spishi ndugu. Spishi yenyewe ni kazi nyingine, ntaifikia.

Vitu vya kubeba

Neti unajitengenezea. Chukua waya wa hanga, ukunje duara, ufunge kwa mti wa fagio, halafu ushonee mfuko wa pazia jepesi au chandarua kuukuu. Isiwe ile chandarua ya dawa, itawalegeza kabla hujawaona wakitembea na mwendo wao ni dalili pia. Kifyonzi nacho ni chupa ndogo yenye mfuniko uliotobolewa mashimo mawili, unapitisha mipira miwili ya dripu, mmoja unaelekeza kwa mdudu na mwingine unavuta na mdomo. Huo wa mdomoni lazima ufungwe kitambaa chepesi upande wa ndani ya chupa. Mimi nilisahau kitambaa siku moja, sitasimulia.

Ongeza lensi ya mkononi ya kukuza mara 10, beseni jeupe, vichupa vyenye alkoholi ya asilimia 70, na penseli. Penseli, si biro. Wino wa biro ukiingia kwa alkoholi unayeyuka na unabaki na karatasi nyeupe na mdudu asiye na kwao.

Hatua ya kwanza: hakikisha ni lifuhopa kweli

Hapa ndipo watu wengi huanguka na mimi nilianguka vibaya. Kuna ndugu zangu Bungoma niliwaambia kwa kiburi kabisa kwamba tududu twa njano twenye twamejaa kwa nepia yao, ile nyasi ya ng'ombe, ndio wanaleta ule ugonjwa wa kudumaa, wakapiga dawa, pesa ikaenda. Baadaye nikapeleka kichupa kwa mtu mwenye hadubini. Akakuta aina tatu kwa chupa moja, nusu yao hata si lifuhopa.

Anza na mguu wa nyuma. Lifuhopa ana miiba midogo iliyojipanga safu safu kwenye mguu wa nyuma, kutoka karibu na goti mpaka chini, kama meno ya kitana. Ukiiona hiyo umemaliza kazi nusu. Ukikuta mguu ni laini halafu una mwiba mmoja au miwili minene tu na duara la vimiiba pale mwisho, huyo ni ndugu wa wale wanaotengeneza povu kama mate kwa nyasi asubuhi. Ukikuta pale mwisho wa mguu kuna kitu kama kijikisu kikubwa kinachocheza, huyo ni wa familia ya Delphacidae, na ndio walionichanganya Bungoma.

Delphacidae wanafaa uwajue vizuri kwa sababu kwa mahindi wako kila mahali. Kuna mmoja anaitwa Peregrinus maidis, anapenda kujificha katikati ya majani machanga kabisa ya mahindi, pale juu panaposhika maji ya mvua, na kwenye makoo ya majani. Mara nyingi utakuta siafu wadogo au sisimizi wanamzunguka wakilamba utamu anaotoa. Ukiona msafara wa sisimizi unaingia ndani ya mahindi, usikimbilie kusema lifuhopa, fungua uangalie mguu.

Dalili ya pili ni vipapasio, hizo nywele za kichwani. Za lifuhopa ni fupi, nyembamba kama unywele, na zinatokea usoni kati ya macho. Za Delphacidae zinatokea chini ya jicho, kwa shavu, na msingi wake ni mnene. Dalili ya tatu ni umbo: akitulia mabawa yanakaa kama paa la nyumba, mteremko huku na huku, na mwili unachongoka kuelekea nyuma. Ukiona mgongo wake una kitu kama mwiba wa mgunga umerefuka kuelekea nyuma na kufunika mwili, huyo ni binamu mwingine wa mitini, familia ya Membracidae. Inzi mweupe wa nyanya ana unga na hana huo uchongokaji. Kidukari haruki, anakaa tu hapo ananona.

Halafu kuna mwendo. Mguse kidogo na ncha ya nyasi. Lifuhopa ataenda upande upande kama kaa wa baharini, azunguke nyuma ya jani, na ukimsumbua tena, tap! ameruka. Watoto wao wasio na mabawa ndio mabingwa wa kwenda upande.

Hatua ya pili: mahali na mmea, na hapa usiharakishe

Lifuhopa aliyekomaa ana mabawa na upepo unambeba. Kumkuta kwa sukuma wiki haimaanishi anakula sukuma wiki, labda alipumzika kama mtu wa boda akingoja mvua iishe. Kwa hivyo ukitaka kujua mmea wake wa kweli, tafuta watoto. Tunutu hawana mabawa, wana vimifuko tu pale mabegani, hawawezi kuruka kutoka shamba la jirani, kwa hivyo mahali ulipomkuta ndipo alipoanguliwa ama karibu sana na hapo. Mayai hutagwa ndani ya nyama ya jani au shina, hutayaona. Lakini utaona maganda meupe waliyojivua yakishikilia upande wa chini wa jani, na hayo ni ushahidi mzuri kuliko mzima mmoja aliyenaswa na neti.

Toka asubuhi umande ukishakauka. Ukipiga neti kwa nyasi yenye maji utapata uji wa wadudu na majani, huwezi kutenganisha kitu. Piga neti mara 20 kwa aina moja ya mmea, mimina, andika, ndipo uende mmea mwingine. Usichanganye. Najua inachosha na jua la Kano halina huruma, lakini ukishachanganya nepia na nyasi ya pembeni kwa chupa moja umepoteza nusu ya utambuzi wako na hakuna lensi itakurudishia.

Sasa maeneo. Mpunga wa Ahero na Bunyala una watu wake, ntawataja hapo chini. Kwenye mahindi ya Kakamega, Bungoma na Trans Nzoia angalia sana mpaka wa shamba na nyasi, na mahindi yaliyopandwa kuchelewa, kwa sababu nyasi za porini zikianza kukauka lifuhopa wake wanahama kutafuta kitu kibichi na mahindi machanga ya msimu wa pili ndio kitu kibichi chenyewe. Nepia iko kila boma lenye ng'ombe. Pamba ya Busia, Siaya na Homa Bay, pamoja na bamia, biringanya na kunde, zina jasidi wa kijani. Nakuru upande wa Njoro kuna baridi kiasi na ngano na shayiri, hapo unapiga neti kwa nafaka na nyasi za kando ya barabara. Kwa migunga, ile ya gome la njano karibu na ziwa, unahitaji kupiga tawi na fimbo huku umeshika beseni au mwavuli mweupe chini, neti haitakusaidia na miiba itaichana. Kwa mbuga ya Lake Nakuru na msitu wa Kakamega usibebe mdudu hata mmoja bila kibali, piga picha tu utosheke.

Usiku ni habari nyingine. Lifuhopa wengi wanakuja kwa taa. Tundika shuka jeupe, weka balbu, kaa hapo kuanzia giza likiingia. Ila ukiwa karibu na ziwa, Kisumu hapa au Mbita, chagua siku yako vizuri, wale wadudu wa ziwani wakiamua kuja wanakuja kama moshi na shuka yote inakuwa nyeusi, unakula wadudu ukifungua mdomo kusalimia watu. Na kumbuka aliyekuja kwa taa hana mmea. Kwa lebo andika "taa", usimtungie mmea.

Hatua ya tatu: mtazame kwa mpangilio

Mweke kwa kichupa kwenye friji dakika chache, atapoa na kutulia bila kufa. Ukimtoa una kama dakika moja, kwa hivyo lensi iwe tayari. Pima urefu kutoka ncha ya kichwa hadi mwisho wa mabawa, karatasi ya hesabu ya mtoto wa shule yenye viboksi inatosha kabisa kama skeli.

Halafu kichwa, na hapa tafuta vijicho viwili vidogo vinavyong'aa kama vitone vya maji, mbali na yale macho makubwa ya pembeni. Viko wapi? Vikiwa juu kabisa ya utosi, unaviona ukimtazama kutoka juu, uko kwa kundi la Cicadellinae. Vikiwa kwenye ukingo, pale utosi unapokutana na uso, mara nyingi uko kwa Deltocephalinae, ambao ndio wamejaa kwa nyasi na nafaka zetu. Ukiwa na tudogo twembamba twa kijani au njano, vijicho ni shida kuviona au havipo kabisa, na mishipa ya bawa la mbele haina vile vijimshipa vya kukatiza katikati ila karibu na ncha tu, hapo ni Typhlocybinae.

Mgeuze umwone uso. Wale wa Cicadellinae uso umevimba kama shavu la mtu anayepuliza tarumbeta, kwa sababu wanavuta maji ya mmea kutoka kwa mirija inayopandisha maji, na hayo maji hayana lishe kubwa hivyo lazima wavute mengi na pampu iwe kubwa. Wakati mwingine utawaona wakirusha vitone vya maji nyuma kila sekunde chache. Siku ya kwanza kuona hivyo nilidhani jani linavuja.

Rangi iandike mwisho, na iandike akiwa hai. Kijani kikiingia kwa alkoholi kinageuka njano baada ya muda, na hapo ukisoma maelezo ya mtu mwingine utapotea. Aliyetoka kujivua ganda naye ni mweupe mweupe mpaka agangamale, huyo mwache masaa kadhaa kabla ya kumhukumu.

Hatua ya nne: wale utakaokutana nao sana

Nianze na Cicadulina kwa sababu ndio kila mtu anauliza. Ni mdogo, milimita 3 hivi, rangi ya majani makavu au njano hafifu, na kwenye ukingo wa mbele wa kichwa ana madoa mawili meusi ya duara, yamekaa kama macho ya pili. Mabawa mara nyingi yana mstari wa kahawia unaoenda kwa urefu. Hawa ndio wanaosambaza kirusi cha milia ya mahindi. Maarufu ni Cicadulina mbila, jina linalofanana na umbila, mahindi kwa Kizulu, na alielezwa mara ya kwanza Afrika Kusini. H. H. Storey, aliyefanya kazi Amani kule Tanzania miaka ya 1930, alionyesha kwamba ndani ya spishi hiyo hiyo kuna walio na uwezo wa kubeba kirusi na wasio nao, na uwezo huo unarithiwa kutoka kwa wazazi. Akawatoboa utumbo na sindano wale wasioweza, wakaanza kuambukiza! Nawaza huyo mtu alikuwa na mkono mtulivu kiasi gani, mdudu wa milimita 3.

Maana yake kwako ni hii: kumwona Cicadulina si kuuona ugonjwa. Uangalie mmea wenyewe. Milia huanza na vitone vya mviringo vilivyopauka kwa majani machanga, halafu vinaungana kuwa mistari ya njano au nyeupe iliyokatikakatika kufuata mishipa, na majani yaliyokuwa yameshatoka kabla ya kuambukizwa yanabaki kijani safi. Ukiona jani linakauka kutoka kingo kuja ndani na mmea wote unakufa mapema, hiyo inafanana zaidi na MLN, ule ugonjwa wa mahindi uliozuka Bomet 2011, na wanaousambaza ni thripsi, mende wa majani na vidukari, lifuhopa hana kesi hapo.

Kwa nepia, wa kuulizia ni Maiestas banda, ambaye vitabu vya nyuma vinamwita Recilia banda, ni mdudu yule yule. Watafiti wa icipe, kile kituo cha utafiti wa wadudu, ndio walimthibitisha mwaka 2009 kuwa anasambaza fitoplasma (kijidudu cha jamii ya bakteria) ya kudumaa kwa nepia, na kituo chao cha Mbita kiko hapa hapa kwetu ziwani. Nepia iliyougua inaonekana vizuri ukishaikata inapochipua tena: majani madogo ya njano, vichipukizi vingi vifupi vimejaa kama ufagio. Ila huyu mdudu, kwa macho matupu anafanana na ndugu zake kibao wa kwenye nyasi, wote wadogo, wote vijicho kwa ukingo. Kumwita banda kwa sababu tu umemkuta kwa nepia ndio kosa langu la Bungoma. Na ugonjwa wenyewe unasafiri pia kwa vipandikizi, kwa hivyo pengine jirani alikupa mbegu mbaya na wewe unalaumu mdudu.

Mpunga wa Ahero ni raha kwa anayeanza kwa sababu wako wakubwa na wanajitambulisha. Yule mweupe kabisa, milimita 7 hadi 10, na madoa meusi kichwani, ni Cofana. Watu wengi hudhani ni nondo mdogo. Vijicho viko juu ya utosi, uso umevimba, na usiku anajaa kwa taa za maduka. Akiwa na madoa kadhaa kichwani fikiria Cofana spectra, jenasi hiyo ina ndugu mwingine anaitwa unimaculata, na jina lake tu linakuambia hesabu madoa. Yule wa kijani kibichi wa milimita 4 hadi 6, mwenye ncha za mabawa nyeusi kama amechovya kwa wino, ni dume la Nephotettix. Jike mara nyingi ni kijani tu bila wino wa maana. Afrika tunao wawili wa kuzingatia, modulatus na afer, na kuwatenganisha huwezi kukaa tu kwa tuta ukadai umewaona.

Halafu jasidi wa kijani, wa pamba, bamia, biringanya, kunde na maharagwe. Ni milimita 2.5 hadi 3, mwembamba, kijani cha limau, anakaa upande wa chini wa jani. Jani lenyewe ndio litakuambia: kingo zinageuka njano, kisha nyekundu au kahawia, zinajikunja kuelekea chini kama limepitishwa juu ya moto. Kwa pamba huku Afrika anayetajwa sana ni Jacobiasca lybica, lakini kuna Empoasca pia na wote ni sura moja, kijani, kijani, kijani. Kitu kimoja kizuri ni kwamba pamba yenye majani ya nywele nywele hawaipendi, wazalishaji wa mbegu walilitumia hilo miaka mingi, kwa hivyo ukilinganisha mashamba mawili papasa jani kwanza na uandike kama lina manyoya. Ukikuta badala ya kingo kuungua jani lina vitone vyeupe vingi kama limenyunyiziwa chumvi, huyo ni Typhlocybinae wa aina nyingine, anayefyonza chembe za jani moja moja.

Kwa miembe na miti mingine utakutana na wale wenye kichwa kipana na mwili kama kabari, kundi la Idiocerinae. Hao siwapendi sana kwa sababu wanaruka kabla hujafungua chupa. Piga tawi asubuhi na mapema kukiwa na baridi.

Hatua ya tano: dume, la sivyo simama kwa jenasi

Ukweli mchungu ni huu: kwa Cicadulina, Maiestas, Nephotettix na jasidi wa kijani, jina la spishi linatoka kwa viungo vya uzazi vya dume. Si mapambo ya bawa. Kwa hivyo kabla ya yote tenganisha. Mgeuze chali: jike ana kitu kama ala ya kisu inayopita katikati ya nusu ya nyuma ya tumbo, hiyo ndiyo anayotumia kupasua jani akitaga. Dume hana hiyo, ana vibamba viwili vinavyofunika pale mwisho.

Ukiwa na hadubini na mtu wa maabara, mwisho wa tumbo la dume unakatwa, unalowekwa kwa potashi kali ya asilimia 10 usiku kucha ili nyama iyeyuke, unaoshwa na maji, halafu unatazamwa ndani ya tone la glisirini. Potashi hiyo inaunguza macho na ngozi, si ya kuweka karibu na sufuria wala watoto. Linganisha na michoro ya spishi, upande kwa upande. Kilichobaki cha mdudu kiweke na viungo vyake kwa kichupa kimoja, nimeona watu wakiweka tumbo kwa droo moja na kichwa kwa nyingine.

Tahadhari kidogo hapa. Ukikuta lifuhopa ana mfuko mweusi au wa kahawia unaning'inia ubavuni mwa tumbo, hiyo si sehemu yake wala si mayai yake. Ni mtoto wa nyigu wa familia ya Dryinidae anayemla taratibu, na mdudu aliyeliwa hivyo viungo vyake huweza kuharibika umbo, kwa hivyo usimtumie kuamulia spishi. Mpige picha tu, ni picha kali.

Hatua ya sita: picha, lebo na pa kupeleka

Picha tatu: juu, ubavuni, usoni. Ya nne ya jani lenyewe na uharibifu wake. Hizi apu za kutambua wadudu ni msaada wa kuanza, lakini angalia inakupa mdudu wa wapi. Moja iliniambia kwa uhakika kabisa kwamba mdudu wangu wa Kakamega ni spishi ya Marekani yenye mistari myekundu, na wangu hakuwa hata na wekundu. Kubali jina la familia, mengine yathibitishe mwenyewe.

Lebo iwe na kaunti, mahali, kimo kutoka usawa wa bahari (simu inakupa), tarehe, mmea, njia uliyomnasa, na kama kulikuwa na tunutu. Kipande cha karatasi ndani ya kichupa, si kubandikwa nje na selotepu. Nairobi kwenye Makumbusho ya Taifa kuna mkusanyo wa wadudu, icipe wako Kasarani na Mbita, na KALRO, taasisi ya serikali ya utafiti wa kilimo, wana vituo Kakamega, Kibos na Njoro. Ukienda na kichupa chenye lebo kamili na madume ndani utasikilizwa tofauti na ukienda na simu yenye picha ya kidole.

Yule jirani wa Kano nilimfuata Jumamosi, manake kila swali alikuwa anajibu "njoo tu uone". Mguu wa nyuma una safu za miiba, madoa mawili meusi kwa ukingo wa kichwa, vijicho kwa ukingo pia. Kwa mahindi tulipata wazima watupu. Tunutu walikuwa kwa nyasi fupi za kando ya mfereji, na mahindi yenye milia yalikuwa mistari minne ya kwanza kutoka hapo mferejini, ukizidi kuingia ndani yanapungua. Aling'oa yale machanga yaliyokuwa yameshapauka akalishia ng'ombe. Kwa kichupa nilihesabu jike 11 na dume 2, na lebo nimeandika Cicadulina sp., Kano, nyasi kando ya mfereji, tunutu wapo. Hiyo "sp.", yaani spishi bado haijajulikana, itakaa hapo mpaka nipate hadubini ya kuazima, ingawa jirani ameshaanza kuwaambia watu sokoni kwamba ni mbila.